Kopo la Oili la Baba Mkwe

Watu wanaopita kwangu hapa Muleba huniuliza kwa nini sikununua gari tena, nami huwajibu kwamba miguu yangu bado mizima. Ni jibu la kuwaondoa mlangoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa na gari mara moja, nikaliua kwa adabu, na halikufa peke yake.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile bei ya kahawa ilipopanda hata mkulima wa kawaida akaezeka nyumba yake kwa bati. Mimi nilikuwa karani wa kupima kahawa, kazi ya kupanda kilima na kushuka kilima, na gari nililinunua kwa Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa dogo, jeusi, limechoka. Mlango wa nyuma wa kushoto niliufunga kwa kamba ya mgomba. Kuwaka liliwaka kwa hendeli, tena kwa kubembelezwa. Lakini lilikwenda, na kwenye kilima chetu hapakuwa na jingine, kwa hiyo nililiona zuri kuliko la Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wilayani.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kunywa oili. Nikienda Bukoba na kurudi, kijiti cha kupimia kilionyesha imeshuka upana wa vidole viwili. Fundi wangu alikuwa mzee Mwislamu wa Miembeni, pale Bukoba mjini. Babu zake walitoka pwani, na sisi Wahaya tuliojifunza Kiswahili shuleni tulimsikiliza akiongea kama tunavyosikiliza kinanda kanisani. Siku ya kwanza alipolifungua gari langu alinishika bega.

“Mwanangu,” akasema, “huyu bibi kizee amezoea oili moja miaka yote. Hii hapa, ya kawaida, namba thelathini, haina mbwembwe. Ikipungua, muongezee hii hii. Usimpe nyingine hata ukipewa bure.”

Nikamuuliza kwa nini. Akaingiza kidole mahali nisipoweza kuona, akakitoa kimepakwa kitu cheusi, kizito, kama uji uliosahauliwa jikoni.

“Siku hizi kumekuja oili mpya, ina dawa ndani, kama sabuni. Inaosha injini. Kwa gari jipya, hakuna bora kuliko hiyo. Lakini humu mna tope la miaka, limeganda, limetulia zake. Ukiliosha litakwenda wapi? Litashuka chini kwenye chujio, lizibe njia. Oili itajaa tele, na injini itakufa kwa kiu.”

Nilimwelewa. Naandika hivyo makusudi, asije mtu akasema sikujua. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu maneno yale yale, maana ndiye aliyenishikia faneli nilipoongeza oili, naye akacheka akasema gari hili lina miiko kama mjamzito. Tangu siku hiyo kopo la oili ya fundi halikukosekana stoo.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alilia mara moja, sauti ndogo, tukakimbilia kufurahi, na kabla jirani hajafika mlangoni kutupongeza mtoto alikuwa ameondoka. Daktari wa Bukoba alimpima, akatuambia wazi kwamba nyonga zake ni nyembamba. Mtoto wa tatu azaliwe hospitali, na huenda akatolewa kwa kisu, la sivyo tusitafute wa tatu. Alipopata mimba tena, kazi ya gari ikabaki moja. Kahawa ningeweza kuifuata kwa miguu. Gari lilikuwa la kumfikisha mke wangu Bukoba, na tulipanga kwamba wiki mbili kabla ya siku zake nimpeleke akae kwa shangazi yangu Nyanga, pale karibu na mji.

Sasa nimtaje baba mkwe. Alikuwa Mkatoliki wa Kashozi, wa wale waliokulia kwenye kivuli cha kanisa la misheni, na mimi ni Mlutheri. Tulipooana alisema hatavuka kizingiti changu, na kwa miaka sita hakukivuka. Watoto wetu wawili tuliwazika bila yeye. Nilisikia kwamba alilia huko kwake, lakini hakuja. Mke wangu hakulalamika hata siku moja. Aliacha tu kulitaja jina la kwao, na mimi mwenye macho niliona jinsi jambo lile lilivyomla.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, siku moja mchana, basi la kutoka Bukoba lilisimama chini ya kilima, akashuka mzee mwenye kanzu, koti jeusi na mwavuli, amekumbatia kopo la galoni moja kama mtu aliyebeba mtoto. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilimtoka mkononi.

Alivuka kizingiti. Aliketi juu ya nyasi tulizotandika sebuleni, akaletewa kamwani kwenye kikapu kidogo, akachukua punje mbili za kahawa akazitafuna taratibu, na kwa sisi Wahaya hapo maneno mengi huwa yamekwisha kusemwa. Kisha akaliweka kopo mbele yangu.

“Mukwe wangu,” akasema, “mtu akienda kwa binti yake huchukua rubisi. Lakini ninyi Walutheri nasikia pombe hamgusi. Nikajiuliza, nyumba ile nani hunywa? Wakaniambia, gari.”

Tulicheka wote. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi, na machozi yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha.

“Nilimwambia mwenye duka,” mzee akaendelea, “nipe iliyo bora kuliko zote dukani mwako, inakwenda kumbeba mwanangu na mjukuu wangu.”

Nililigeuza kopo. Kiingereza changu kilitosha kusoma maneno yale makubwa. Yalisema kwamba oili hiyo husafisha injini.

Lazima nieleze desturi yetu, maana mtu wa mbali ataniona mjinga, na mimi sitaki kuitwa mjinga kwa kosa lisilo la kijinga. Kwetu kinywaji alicholeta mgeni hakiwekwi stoo. Aliyekileta hukifungua mwenyewe, huonja kwanza ili wenyeji waone hakina sumu, kisha mwenyeji hunywa mbele ya macho yake. Kukiacha kibuyu kimefungwa ni kumwambia mtu kwamba ni mchawi. Najua ndugu walioacha kuzikana kwa ajili ya kibuyu kimoja ambacho hakikufunguliwa.

Baba mkwe akasimama, akasema, “Haya, twende tukamnyweshe.” Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani. Nikafungua boneti. Mzee akalitoboa kopo, akachovya kidole, na mbele ya watu wote akakiweka ulimini. Uani kukazuka vicheko. Yeye hakutema. Alimeza, akakunja uso, akasema, “Kali kidogo, lakini sumu haina.” Akanipa kopo kwa mikono miwili.

Nilisimama nalo. Mke wangu alikuwa ameshika faneli, na alijua ninachowaza, kwa sababu maneno ya fundi aliyajua kama mimi. Ningeweza kusema neno moja tu: waitu, mzee wangu, gari hili lina oili yake. Mzee angenuna siku mbili, pengine angerudi Kashozi kwa basi la kesho, pengine miaka mingine sita ingepita. Mke wangu akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mimina. Kidogo tu. Amekuja.”

Nikamimina.

Watu husema heshima si utumwa. Mimi siku ile nilikuwa mtumwa mbele ya kopo, na wanakijiji walinipigia makofi.

Kidogo kile pengine injini ingekivumilia. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nani atampa baba mkwe jembe? Huyu alilichukua mwenyewe. Alisema hatoki mpaka amwone mjukuu. Asubuhi aliingia kwenye kibanja changu, akapogoa migomba, akanikosoa jinsi ninavyopanda mibuni, na kila baada ya siku chache alikuja kwenye gari akauliza, “Mnywaji wetu ana kiu?” Nikachomoa kijiti, na kweli imepungua, maana gari lile kupungua ndiyo tabia yake, naye akaleta kopo. Oili ya fundi ikakaa stoo imefunikwa. Niliongeza ya mzee mara nne, labda tano.

Kila safari ya kahawa alipanda nami. Alikaa kushoto, mwavuli katikati ya magoti, akasalimia watu barabarani kama askofu. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Na mimi pembeni yake nilikuwa natazama geji ya msukumo wa oili. Mshale uliozoea kusimama katikati ulianza kuinama, siku hadi siku, kama mtu anayesinzia ibadani. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi tii. Nilipomwonyesha mzee, nikitumaini atashtuka, alifurahi.

“Ona inavyoosha!” akasema. “Uchafu wote huo ulikuwa tumboni mwake.”

Nilikuwa na mpango. Mpango ulikuwa kuimwaga oili yote, kusafisha chujio, na kurudisha ya zamani siku mzee atakapokuwa hayupo. Siku hiyo haikufika. Mara moja tulipita Miembeni, mbele kabisa ya karakana ya fundi. Alikuwa nje, ameinama juu ya gari la mtu, nami nilihitaji tu kukanyaga breki. Lakini angelifungua, angeona, angesema kwa sauti mbele ya baba mkwe. Nikapita. Nikamwambia mzee kwamba nina haraka ya kuwahi mizani.

Uchungu ulianza wiki tatu kabla ya siku tuliyoihesabu, asubuhi jua limekwisha kuchomoza. Sikuwa hata nimempeleka Nyanga. Tulimlaza kiti cha nyuma, jirani mmoja mwanamke aliyezoea kuzalisha akakaa naye, na mzee akakaa mbele. Lakini kabla ya kupanda, huku mimi nikizungusha hendeli, alileta kopo. Lilibaki tone la mwisho. Akalimimina mwenyewe, akaligeuza na kulipigapiga chini ili lisibaki kitu. Oili ya fundi ilikuwa stoo, nusu kopo, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama.

Hadi Muhutwe gari lilikwenda. Nyuma yangu nilimsikia mke wangu akihesabu pumzi kama daktari alivyomfundisha. Mzee alisali rozari kwa sauti, na mimi Mlutheri niliitikia moyoni bila kujali. Tulipoipita Muhutwe, mshale ukalala chini kabisa, haukuinuka. Nilijua maana yake. Ningesimama, injini ingepona, na mke wangu angejifungulia kando ya barabara. Ningeendelea, labda tungefika. Niliendelea. Mlio ukaanza ndani, taratibu kwanza, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, kisha kama mwenye nyundo. Kwenye kilima kabla ya Kemondo injini ikakaza, magurudumu yakaburuta, tukasimama.

Ziwa lilikuwa pale chini, linang'aa, halina habari nasi. Mzee akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti kama alivyoniona nikifanya, akakifuta kwa pindo la kanzu yake, akakirudisha, akakichomoa tena. Akaja dirishani kwangu amekishika.

“Imejaa, mukwe wangu,” akasema. “Imejaa. Mbona haiendi?”

Nilikuwa nimegeukia nyuma, nakata kamba ya mgomba ili mlango ufunguke.

Wakulima wa jirani walikuja na machela, wakamwinua. Tulikwenda tukipokezana. Nilikuwa mbele kushoto, mzee alikataa kupokewa, na koti lake alikuwa ameliacha barabarani. Mke wangu alikuwa ameacha kuhesabu pumzi, na hilo liliniogopesha kuliko kilio. Lori la kahawa lilitukuta tukiwa tumepita Kemondo, dereva akatupa magunia chini bila kuuliza, akatupakia. Tulifika hospitali alasiri. Walimpasua, wakamwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi, na alikuwa amekufa, daktari alisema, saa moja au mbili kabla. Alisema pia kwamba hatazaa tena. Aliyasema yote mawili kwa upole, nami nilimchukia kwa upole ule.

Gari lilivutwa hadi Miembeni. Nilikwenda kwa fundi wiki iliyofuata, baada ya mazishi. Alikuwa amekwisha kulifungua. Alinionyesha chujio limefunikwa tope jeusi, limeziba kabisa, na krenki, mhimili wa injini, imeungua mpaka rangi ikageuka buluu. Akachukua oili kati ya vidole viwili, akaisugua.

“Oili nzuri sana hii,” akasema. “Nani alikushauri?”

“Nilijishauri mwenyewe.”

Alinitazama. Nadhani alijua kwamba naongopa, na kwamba kwenye uongo ule kuna mtu namfunika. Akafuta mikono, akasema pole, mwanangu, asiniulize tena. Nilimwachia gari. Sikurudi kulitazama.

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Baba mkwe alingoja mjukuu, akapata majuto, na hata majuto hayo hayakuwa ya kwake halali. Pale kibanjani, udongo bado mbichi juu ya kaburi la tatu, aliniambia jambo alilokuwa amelifikiri siku zote tano tangu mtoto afe. Alisema gari lilikuwa zee, limelishwa vibaya miaka mingi. “Kama ningekuja mapema na oili ile, mukwe wangu, injini isingefikia hapo. Kiburi changu ndicho kilichomuua mtoto. Nilichelewa kuja.”

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini niseme nini? Nikimwambia kwamba alichelewa, anajiua kwa kiburi chake. Nikimwambia kwamba kilichoua ni kuja kwake na kopo lile, anajiua kwa upendo wake. Nilimtazama mke wangu, naye akatikisa kichwa, kidogo sana. Nikasema, “Ni mapenzi ya Mungu, waitu.” Nilikuwa sifikiri hivyo, na sifikiri hivyo hadi leo.

Aliishi miaka mingine mingi. Alikuja kwetu kila mavuno, na kila alipokuja alileta kitu cha kuliwa, ndizi au maharage, hakuleta tena kitu cha kumimina. Mimi na mke wangu tuliishi vizuri, kwa jinsi watu wanavyoona. Hatukugombana. Tulikuwa tunapeana njia mlangoni kama wageni. Yale maneno mawili ya pale uani, mimina, kidogo tu, hatukuyataja. Yeye hakuyataja kwa sababu anazozijua yeye. Mimi sikuyataja nikijisifu kwamba ni wema.

Mzee alipokuwa anakufa tuliitwa Kashozi. Alikuwa amelala mchana kweupe, dirisha wazi, sauti za watoto wa shule zinaingia. Alikuwa hatambui watu wengi, lakini binti yake alimtambua, na mimi pia. Alisema kwa Kihaya, pole pole, mambo ya shamba na ya ng'ombe. Kisha akauliza, “Ile oili. Niliionja mwenyewe. Ilikuwa nzuri?”

“Ilikuwa nzuri, tata,” mke wangu akasema.

Haikumtosha. Akageuza macho yakanitafuta. “Mukwe wangu?”

“Ilikuwa nzuri sana, waitu.”

Akafumba macho. Fundi naye angejibu hivyo hivyo, bila kuongopa.

Tulipomaliza kumzika tulirudi kwa miguu hadi Bukoba kutafuta basi. Barabara inapita katikati ya migomba, kivuli hadi kivuli, na mke wangu alikuwa mbele yangu hatua mbili, viatu mkononi. Bila kugeuka akasema, “Mimi ndiye niliyekuambia umimine.”

Miaka yote ile alikuwa amelibeba peke yake, nami nikidhani ninambebea. Neno la kumjibu lilikuwepo, tena fupi: kopo lilikuwa mikononi mwangu, na fundi alisema nami, si na wewe. Nilikuwa nimempa baba yake uongo mzuri asubuhi na jioni, kwa adabu, bila kuombwa. Yeye aliniomba kitu kimoja, nacho kilikuwa ukweli.

Nilitafuta jinsi ya kuanza. Nikiwa bado natafuta tukaingia mjini, basi likaja, tukapanda. Mwaka uliofuata nilimzika kando ya wale watatu, na sikuwa nimemjibu.